Sikio Katika Maandishi ya Wachina: Fundisho kwa Familia Zetu



Katika Kiswahili tunasema juu ya mtoto mkaidi kwamba "hasikii". Hatuna maana kwamba masikio yake ni mabovu. Tunataka kusema kwamba anaonywa wala hafuati. Hivyo neno moja, kusikia, linabeba mambo mawili: kazi ya sikio na utii wa moyo. Na wazee wetu wametuachia methali: sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini mara nyingi tunasahau kuuliza swali dogo: je, mtoto huyu "asiyesikia" ni mkaidi kweli, au sauti haimfikii? Wako watoto wanaochapwa nyumbani na kukaripiwa shuleni kwa kosa ambalo si lao. Wanaitwa wazembe, wajinga au wenye kiburi, kumbe masikio yao ni magonjwa, na hakuna aliyefikiri kuyapima.

Mwezi huu tunapenda kulitazama jambo hili kwa kupitia njia ya mbali kidogo. Tutajifunza herufi moja ya Wachina, yaani herufi ya sikio. Maandishi ya Wachina ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ambayo watu wanayatumia mpaka leo. Sikio lilichorwa humo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na likaunganishwa na herufi nyingine nyingi. Ukizifuata herufi hizo unaona jinsi taifa kubwa lilivyofikiri juu ya kusikia. Yapo tutakayoona ni mema ya kuiga, na lipo moja la kujihadhari nalo.

1. Herufi iliyoanza kama picha

Sisi tunaandika kwa alfabeti. Herufi zetu ni alama za sauti tu: s-i-k-i-o. Wachina hawaandiki hivyo. Kila herufi yao hubeba sauti pamoja na maana, kwa hiyo inakaribia kuwa neno zima. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kichina hujifunza maelfu ya herufi, sio ishirini na kitu kama sisi.

Herufi ya sikio ni hii: 耳. Katika Kichina cha Beijing huandikwa kwa herufi zetu "er", na hutamkwa karibu na "ar", ulimi ukikunjwa kwenda nyuma, sauti ikishuka kwanza na kisha kupanda. Ina mistari sita. Ukiitazama leo inafanana na ngazi ndogo yenye vidato. Mtu anaweza kuuliza, sikio liko wapi hapo?

Jibu ni kwamba zamani ilikuwa picha kabisa. Katika maandishi ya kale sana waandishi walichora umbo la sikio la nje: upinde wa sikio, na ndani yake mkunjo. Baadaye, vizazi vilipopita, kazi ya kuandika ikaongezeka. Makarani wa serikali walihitaji kuandika upesi kwa kalamu ya brashi, na mistari ya mviringo inachelewesha mkono. Basi mviringo ukanyooshwa ukawa pembe, na picha ya sikio ikawa ngazi. Mabadiliko hayo yalikuwa yameenea tayari wakati wa ufalme wa Han, uliotawala kuanzia miaka 200 hivi kabla ya Kristo hadi miaka 200 hivi baada yake.

Katika ufalme huo huo aliishi mtaalamu aitwaye Xu Shen. Mwaka 100 baada ya Kristo alikamilisha kamusi kubwa iitwayo Shuowen Jiezi, yenye herufi zaidi ya 9,000, akieleza asili ya kila moja. Alizipanga katika mafungu 540 kufuatana na sehemu zinazofanana, na sikio akalipa fungu lake. Kuhusu herufi yenyewe alieleza kwa ufupi tu kwamba ni kiungo kinachosimamia kusikia, na kwamba ni picha. Wataalamu wa leo bado wanakubaliana naye katika hilo.

2. Mifupa iliyouzwa kama dawa

Tunajuaje kwamba sikio lilichorwa zamani hivyo? Habari hii inaihusu afya pia.

Kwa muda mrefu maduka ya dawa za asili huko China yaliuza mifupa ya kale iliyochimbwa ardhini. Waliiita mifupa ya joka. Ilisagwa kuwa unga, na wagonjwa wakapewa kunywa. Mwaka 1899 mwanachuoni mmoja wa Beijing, Wang Yirong, aligundua kwamba baadhi ya mifupa hiyo ilikuwa imechorwa maandishi ya kale kuliko yote aliyoyajua. Watafiti waliifuatilia mpaka mahali ilipotoka, karibu na mji wa Anyang katika jimbo la Henan. Kuanzia mwaka 1928 wataalamu walichimba huko, wakakuta mji mkuu wa wafalme wa Shang. Mpaka leo vimepatikana vipande zaidi ya laki moja.

Mifupa hiyo ilikuwa mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe. Wafalme wa Shang waliitumia kupigia ramli. Waliitoboa vishimo upande mmoja, wakaichoma kwa kitu cha moto mpaka ikapasuka, kisha mpiga ramli akasoma nyufa kama majibu ya mizimu. Swali lenyewe lilichongwa juu ya mfupa. Waliuliza juu ya mvua, mavuno, vita na uzazi. Waliuliza pia juu ya magonjwa: ya meno, ya macho, ya tumbo, ya miguu na ya masikio. Upo mfupa mmoja unaotaja mtu ambaye masikio yake yanavuma, na sadaka ya kondoo kwa ajili ya jambo hilo.

Tuone basi, ndugu wasomaji. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita mtu alisumbuliwa na masikio yanayovuma, kama wengi wetu wanavyosumbuliwa leo. Hakuwa na daktari wa masikio, akapeleka shida yake kwa mpiga ramli. Sisi tunayo zahanati. Hata hivyo wapo miongoni mwetu ambao, mtoto akitokwa na usaha sikioni, bado huanzia kwa mganga au huuliza ni nani aliyemroga.

3. Sikio likiungana na herufi nyingine

Uzuri wa maandishi haya ni kwamba herufi moja huingia ndani ya nyingine, kama tofali ndani ya ukuta. Tutoe mifano michache.

(a) Kuchukua, 取. Kushoto ni sikio, kulia ni mkono. Asili yake inatisha. Katika vita vya kale askari aliyemuua adui alimkata sikio la kushoto na kulipeleka kwa mkubwa wake, ili hesabu ya waliouawa ijulikane. Mkono ulioshika sikio ukawa ndio neno "kuchukua". Leo Mchina analitumia akienda kuchukua mzigo au fedha benki, wala hakumbuki damu.

(b) Sauti, 聲. Juu kuna picha ya jiwe lililotundikwa na mkono ulioshika kirungu cha kulipiga. Wachina wa kale walipiga mawe ya namna hiyo kama sisi tunavyopiga kengele. Chini ya picha hiyo wakaweka sikio. Hivyo walikwisha kuona kwamba habari ya sauti haikamiliki kwa kupiga tu, mpaka awepo wa kupokea.

(c) Kusikia habari, 聞. Ni sikio ndani ya mlango. Mlango umewekwa hasa kwa ajili ya kuonyesha matamshi, lakini ni rahisi kukumbuka: sikio liko mlangoni likingoja habari. Neno la Kichina la habari za magazetini na redioni lina maana ya "yaliyosikika mapya". Jambo la ajabu ni kwamba katika mazungumzo ya leo herufi hii hutumika pia kwa kunusa. Nasi tunafanya hivyo hivyo, maana Kiswahili husema "nasikia harufu".

(d) Kiziwi, 聾. Chini ni sikio, juu ni joka. Zipo hadithi zinazosema kwamba joka halina masikio, ndiyo sababu likawekwa hapo. Maelezo ya wataalamu ni mepesi zaidi: joka kwa Kichina huitwa "long", na kiziwi pia huitwa "long". Sikio linaonyesha maana, joka linaonyesha matamshi. Herufi nyingi sana za Kichina zimejengwa kwa njia hii, upande mmoja maana na upande mwingine sauti.

Sikio limeingia hata jikoni. Uyoga mweusi unaoota kwenye magogo, ambao Wachina hupenda kuuweka katika mchuzi, huitwa "sikio la mti" kwa sababu ya umbo lake. Vishikio vya vyungu vya shaba vya zamani huitwa masikio vilevile. Na mtu aliyefikisha umri wa miaka 60 husemwa kwamba amefikia "sikio tiifu". Usemi huu unatokana na mwalimu wao mkuu Confucius, aliyefundisha kwamba katika umri huo sikio lake lilikuwa limekubali kupokea maneno bila kuudhika.

4. Herufi ya kusikiliza

Herufi inayojulikana kuliko zote hizi ni ile ya kusikiliza, 聽. Walimu wa semina na washauri wa ndoa katika nchi nyingi wanapenda kuichora ubaoni. Huieleza hivi: kushoto juu ni sikio, chini yake ni mfalme, kulia kuna kumi, jicho, moja na moyo. Kwa hiyo, wanasema, kusikiliza ni kumtendea mwenzako kama mfalme, kumtazama kwa macho kumi, na kuwa naye kwa moyo mmoja.

Fundisho hilo ni zuri, nasi hatulikatai. Lakini tuseme ukweli: sivyo herufi ilivyozaliwa. Katika mifupa ya Anyang ilikuwa sikio pamoja na kinywa tu, yaani mmoja anasema, mwingine anapokea. Upande wa kulia, wenye jicho na moyo, uliongezwa baadaye, nao kwa asili ni herufi ya kale ya uadilifu, iliyojengwa kwa "nyoofu" na "moyo". Kile kinachoonekana kama mfalme ni alama ya matamshi. Hata hivyo hatukosi somo katika ukweli huu. Watu walioongeza uadilifu na moyo kando ya sikio walijua kwamba kusikiliza si kazi ya sikio peke yake.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitangaza mpango wa kurahisisha maandishi ili wananchi wengi wajue kusoma upesi. Herufi nyingi zilipunguzwa mistari. Herufi ya kusikiliza ikawa 听, yenye kinywa upande mmoja na shoka upande wa pili. Sikio limetoka, moyo umetoka. Ile ya sauti nayo imepoteza sikio lake. Taiwan na Hong Kong bado wanaandika kwa namna ya zamani. Hatuwalaumu waliorahisisha, maana kujua kusoma ni jambo kubwa. Ila picha hiyo inatuonya: je, nyumba zetu nazo hazijabaki na vinywa na shoka, bila sikio wala moyo?

5. Mtakatifu ni mwenye sikio kubwa

Ipo herufi moja inayotugusa Wakatoliki kwa namna ya pekee. Ni 聖, inayotamkwa "sheng". Wakatoliki wa China huitumia kwa neno "takatifu". Imo katika jina la Mama Maria, imo katika jina la Biblia, na imo katika neno mtakatifu.

Katika maandishi ya kale herufi hii ilikuwa picha ya mtu mwenye sikio kubwa kupita kiasi, na kando yake kinywa. Hapo mwanzo ilimtaja mtu mwenye usikivu mkali, anayeyanasa yale ambayo wengine hawayasikii. Kutoka hapo ikawa mwenye hekima, na baadaye mtakatifu. Wachina walikuwa nayo karne nyingi kabla ya Wakristo kufika kwao. Wamisionari walipotafuta neno la utakatifu walilikuta tayari limejengwa juu ya sikio. Katika maandishi yaliyorahisishwa sikio limeondolewa humo pia, lakini katika vitabu vilivyochapwa kwa maandishi ya zamani bado lipo.

6. Mahali pa kujihadhari

Sasa tufike kwenye jambo tulilosema ni la kujihadhari nalo. Neno la Kichina la "mwenye akili" ni maneno mawili yaliyoungana: la kwanza, 聰, ni kusikia vizuri, nalo lina sikio ndani yake, la pili ni kuona vizuri. Mwenye akili ni yule ambaye masikio yake ni makali na macho yake ni maangavu. Usemi huu ni mzuri kwa mwenye kusikia. Je, kwa kiziwi? Ukiufuata mpaka mwisho, utasema asiyesikia hana akili. Na sisi, tunaosema "hasikii" kwa maana ya mkaidi, tuko katika hatari ileile.

Huo ni uongo ulioumiza watu wengi duniani. Kiziwi ana akili sawa na watu wengine. Kinachomkosesha ni lugha ya kupitia njia nyingine, yaani lugha ya alama, na mwalimu anayeijua. Huko China shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa mwaka 1887 katika mji wa Dengzhou, jimbo la Shandong, na wamisionari wa Kimarekani, Charles Mills na mkewe Annetta. Watoto waliodhaniwa hawafundishiki wakajua kusoma na kuandika herufi hizi hizi tunazozieleza.

Mwaka 2005, katika sherehe ya mwaka mpya wa Kichina iliyoonyeshwa na televisheni ya taifa, wachezaji 21 wa ngoma walisimama mstari mmoja nyuma ya mwenzao, wakainua mikono yao hata ikaonekana kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Walikwenda pamoja bila kukosea. Wote walikuwa viziwi. Waliongozwa na walimu waliokaa pembeni wakiwaonyesha mapigo kwa ishara, na katika mazoezi walijifunza kuhisi mtetemo wa muziki kwa miguu sakafuni. Aliyekuwa mbele yao, Tai Lihua, alipoteza kusikia akiwa na umri wa miaka 2, baada ya homa kali na kuchomwa sindano ya streptomaisini.

7. Habari ya sindano

Hapo wazazi tusikilize vizuri. Dawa za kundi hilo, kama streptomaisini na jentamaisini, zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini zinaweza kuua vinyweleo vidogo vya ndani kabisa ya sikio vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Zaidi ya hayo, wapo watu waliozaliwa na udhaifu wa pekee kwa dawa hizo, na udhaifu huo hurithiwa kwa upande wa mama. Familia za namna hiyo zimegunduliwa huko China na katika nchi nyingine.

Hatusemi mkatae sindano. Mtoto mchanga mwenye maambukizo makali anaweza kufa akinyimwa jentamaisini, na daktari anapima faida na hasara. Tunasema mambo mawili. Kwanza, msinunue sindano za mitaani wala msimchome mtoto bila kupimwa kwa kila homa. Pili, kama katika ukoo wa mama yupo aliyepoteza kusikia baada ya sindano, mwambieni mganga wa zahanati kabla ya kuanza matibabu. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa sikio la mtoto.

8. Tarehe yenye masikio mawili

Wachina hawakuacha kuona picha katika maandishi. Mwaka 2000 walianzisha Siku ya Kutunza Masikio, wakachagua tarehe 3 Machi, yaani siku ya 3 ya mwezi wa 3. Kwa nini? Kwa sababu tarakimu 3 inafanana na sikio, na tatu mbili ni masikio mawili. Mwaka 2007 ulifanyika mkutano wa kimataifa mjini Beijing juu ya kuzuia uziwi, na baada yake Shirika la Afya Duniani liliichukua tarehe hiyo hiyo kwa ajili ya dunia nzima. Siku hizi inaitwa Siku ya Usikivu Duniani.

Shirika hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kati yao watoto ni milioni 34. Lilieleza pia kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu huo kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Yaani katika kila watoto kumi, sita hivi wasingepatwa kama hatua zingechukuliwa mapema.

9. Tufanye nini nyumbani?

1. Tusiingize kitu sikioni. Njiti ya kiberiti, pini, unyoya wa kuku, ufunguo, hata vijiti vyenye pamba, vyote husukuma nta ndani na vinaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Nta si uchafu. Ni ulinzi, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Osha sikio la nje tu kwa kitambaa.

2. Usaha si jambo la kawaida. Wapo wanaosema, "Ni utoto, atakua yataisha." Wakati huo kiwambo kinaendelea kuharibika. Mpeleke mtoto zahanati. Utaambiwa namna ya kukausha sikio: sokota kitambaa safi au karatasi laini isiyochanika, kiweke sikioni, kikilowa kitoe uweke kingine, mpaka pakauke, angalau mara tatu kwa siku. Dawa ya matone itatolewa huko huko. Usitie mafuta, maji ya majani, wala maziwa ya mama.

3. Uvimbe nyuma ya sikio pamoja na maumivu ni hatari. Usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa unaweza kufika kwenye ubongo.

4. Tukamilishe chanjo. Surua, rubela na homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua usikivu. Mama mjamzito asikose kliniki. Na mtoto mchanga akigeuka rangi ya manjano sana, aonwe na mganga upesi.

5. Tumjaribu mtoto mapema. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Afikapo miezi sita hugeukia sauti ya mama hata asipomwona. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno lolote, au wa shule anayeongeza sauti ya redio na kujibu "eh?" kila mara, apimwe kwanza kabla ya kukaripiwa.

6. Tupunguze kelele. Vipaza sauti vya harusini na vya mahubiri, mashine za kusaga, na vidude vya kusikilizia muziki vinavyoingizwa masikioni huharibu usikivu polepole bila maumivu. Kama ukitoka mahali masikio yanavuma, umepata onyo.

7. Tuwavumilie wazee. Wachina wanasema kwa miaka 60 sikio huwa tiifu, lakini sikio la mwili mara nyingi huanza kuchoka katika umri huo. Babu au bibi asiyejibu hajatudharau. Tukae mbele yake, tumtazame usoni, tuseme polepole bila kupiga makelele. Na kama inawezekana apimwe, kwani pengine ni nta tu iliyoziba.

8. Mtoto akiwa kiziwi tusimfiche. Tumpeleke shule yenye lugha ya alama mapema, na sisi wenyewe tujifunze alama hizo. Nyumba nzima ijifunze, asiachiwe yeye peke yake.

Wapendwa, herufi ile ndogo ya mistari sita imepita kwenye mifupa ya kobe, kwenye vita, jikoni na hata kwenye jina la watakatifu. Watu wa kale walichora sikio kubwa juu ya mtu mdogo walipotaka kumtaja mwenye hekima. Basi mtoto wetu asipoitika, tusikimbilie fimbo. Tumsogelee, tumwangalie sikio lake, na kesho yake tumpeleke apimwe.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, yupo mtoto anayeitwa mkaidi au mjinga ambaye hajawahi kupimwa masikio? Nani atazungumza na wazazi wake?
2. Ni vitu gani tumezoea kuvitia masikioni mwa watoto wetu? Tutaviacha vipi?
3. Yupo kiziwi parokiani kwetu? Je, anaielewa Misa, na tunaweza kumsaidiaje?
4. Nyumbani kwetu, nani husema zaidi na nani husikiliza zaidi?